Betri Inayokata Roho

Gitaa la umeme halina mdomo, lina sikio:
sumaku sita, fupi kama vichungi vya sigara,
na uzi wa shaba mwembamba kuliko unywele wa mtoto
unaozizunguka mpaka hesabu ichoke.
Sikio la kiwandani nililing'oa Jumamosi.
Lilisikia kila kitu na halikukumbuka chochote.

Mama akanikuta jikoni nimekata uzi mara ya tano.
"Toka," akasema. "Hiyo si kamba ya kufungia mzigo."
Bi Wiesława, miaka thelathini na mmoja
katika ukumbi namba nne wa kiwanda cha nyuzi, hapa Łódź;
sikio la kushoto aliliacha huko, bila fidia.
Akavuta cherehani, akafunga kibao kwenye gurudumu,
akaupitisha uzi kati ya kidole gumba na cha shahada
kama mtu anayepapasa mapigo ya mgonjwa,
akaanza kukanyaga.

Nje theluji ilikuwa imegeuka tope.
Mimi nilihesabu kwa sauti.
Elfu saba mia tatu na kumi na mbili,
hapo Bi Halszka wa ghorofa ya pili akabisha hodi na mayai,
baridi ikaingia, hesabu ikatoka.
Mama hakusimama. "Mkono unajua," akasema,
na mkono ukaendelea, mara ukibana, mara ukilegeza,
safu juu ya safu, wala mbili hazikulingana.

Usiku nikalehemu, moshi ukinipanda puani.
Transista mbili nilizitoa kwenye redio ya marehemu baba,
zimevaa kofia za bati,
zingali na vumbi la taarifa za habari.
Nikachomeka. Ukaja mvumo mtupu,
ng'ombe aliyefungiwa chooni.
Kumbe nilisahau waya wa ardhi.
Kisichofungwa ardhini hulalama;
mimi fundi wa tramu, na hilo nimelisahau!
Nikafunga. Kimya. Nikagusa uzi wa tano:
sauti safi, nyembamba, karani anasoma majina.
Siyo.

Kapasita kubwa. Kapasita ndogo. Betri mpya.
Siyo, siyo, hadi saa tisa za usiku,
na kengele ya moshi kwenye dari ikitoa mlio mmoja kila dakika,
wiki ya tatu sasa, betri yake inakata roho
na humu ndani hakuna aliyetaka kupanda kiti.
Nikapanda kiti. Ili inyamaze tu.
Sijui kwa nini sikuitupa.

Nilipoitia kwenye kisanduku changu, sauti ilijikwaa,
ikashika ukuta, ikainuka na vumbi magotini.
Ilianza nene, ikapasuka pembeni,
na mwishoni, pale ambapo noti nyingine huaga,
hii iligeuka nyuma kama mtu aliyesahau funguo.

Mama akatoka chumbani, shuka mabegani.
Hakuuliza saa. Akainama, akaegemeza taya
kwenye ubao wa gitaa, upande wa sikio lililokufa,
akainua kidole: tena.
Nikapiga tena.
"Ukumbi namba nne," akasema. "Saa nne usiku.
Wanazima mashine zote, na moja inakataa."

Ilidumu siku mbili, kisha betri ikaisha kabisa.
Mpya, yenye nguvu zake, ikamrudisha karani na majina yake.
Kwa hiyo sasa natembea ghorofa hadi ghorofa
na mfuko wa betri za dukani, kubadilishana.
"Unataka zilizokufa?" Bi Halszka ameniuliza.
"Hapana, mama. Zinazokufa."
Jengo zima linadhani nimekuwa mtu mwema,
nahofia moto kwa niaba yao.

Jikoni cherehani inakanyagwa tena.
Sikio la pili. Safari hii
hakuna anayehesabu.